Mgeni Aliyekabidhiwa Ufunguo



Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Juma hili nakuomba tulitazame neno hilo kwa jicho la zama zetu, maana nguo nayo imebadilika. Siku hizi kitu tulicho karibu nacho kuliko vyote ni simu ya mkononi. Mfanyakazi wa Tegeta au Bunju hulipia umeme kwa simu, na jioni humtumia mama yake fedha za matumizi kule Bagamoyo kwa simu hiyo hiyo. Mchuuzi wa samaki pwani ya Bagamoyo hupokea malipo ya mteja wake wa Dar es Salaam kabla hata samaki hawajapakiwa kwenye basi. Hospitali nazo huweka hesabu za wagonjwa katika kompyuta. Fedha, afya na siri za nyumba zetu zimo ndani ya mitambo ambayo wengi wetu hatujapata kuifungua tukaona kilichomo.

Hebu tujiulize: ni nani aliyeyaandika maagizo yanayoiendesha mitambo hiyo? Wengi watajibu kwamba ni kampuni kubwa zenye majengo marefu ng'ambo. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Nusu iliyobaki ndiyo ninayotaka tuizungumze, kwa sababu humo ndimo wezi wa siku hizi walimopata njia.

Yeyote aliyepata kusimama ufukweni Bagamoyo, mahali mafundi wanapounda na kukarabati majahazi, anajua kwamba chombo hakitoki mkononi mwa mtu mmoja. Mbao zimepasuliwa na watu wengine, misumari imenunuliwa dukani, pamba ya kalafati imelimwa mbali na bahari, na tanga limeshonwa na mshonaji asiyejua hata kushika randa. Fundi huvikusanya vyote akavifanya kitu kimoja. Nahodha naye hukitweka chombo kwenda Unguja bila kumjua aliyepasua ubao wa tatu kutoka chini. Anamwamini fundi, na fundi amemwamini muuza mbao.

Programu za kompyuta huundwa vivyo hivyo. Fundi wa programu hakai chini akaandika kila neno tangu mwanzo. Huchukua vipande vilivyokwisha tengenezwa na wenzake: hiki cha kusoma tarehe, hiki cha kupaka maandishi rangi, hiki cha kufunga siri. Vipande hivyo huitwa vifurushi, na nisieleweke vibaya kwamba nasema juu ya vile vifurushi vya muda wa maongezi. Programu moja ndogo yaweza kutegemea mamia ya vifurushi, navyo vifurushi hivyo vikategemea vingine, mpaka mwenye programu asiweze kuvitaja vyote kwa majina.

Vingi kati ya vipande hivyo ni vya programu huria. Maana yake ni kwamba msimbo wake, yaani yale maagizo yaliyoandikwa na binadamu ili kompyuta iyatii, umewekwa wazi. Kila mtu aweza kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kumgawia mwenzake, alimradi afuate masharti ya leseni. Ni kazi ya msaragambo, tena msaragambo wa dunia nzima, na waifanyao wengi hawalipwi hata senti.

Sisi Watanzania tumekula matunda ya msaragambo huo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia mahesabu iliyozungumza Kiswahili kwenye kioo cha kompyuta. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, wala hapakuwa na mwenye kampuni wa kuombwa ruhusa. Vilevile, taarifa za huduma za afya, zile tulizozoea kuziita MTUHA, hukusanywa kwa mfumo wa DHIS2. Huo nao ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo huko Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuikuza. Hesabu ya watoto waliochanjwa na ya akina mama waliojifungulia kituoni hupitia humo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kisa nitakachokusimulia kilitokea mbali, lakini ubao uliotobolewa ni wa chombo tulichopanda sote.

Kuna kifurushi kiitwacho XZ Utils. Kazi yake ni kufinya mafaili ili yachukue nafasi ndogo, kama mtu anavyokanyaga pamba ndani ya gunia. Ni kazi isiyo na sifa, na hakuna aendaye harusini akajisifu kwa kuitumia. Hata hivyo kifurushi hicho kimo katika kompyuta nyingi mno zinazoendeshwa kwa mfumo wa Linux, na Linux ndiyo inayoziendesha seva nyingi za intaneti duniani. Kwa miaka mingi kilitunzwa hasa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea.

Mwaka 2021 alitokea mtu aliyejiita Jia Tan. Hakuja na papara. Alileta rekebisho dogo, likafaa. Akaleta jingine, nalo likafaa. Mwaka 2022 yakajitokeza majina mengine yasiyojulikana hapo awali, yakamlaumu mtunzaji kwamba kazi inachelewa na kwamba yampasa amwachie mwingine. Collin aliwajibu hadharani, kwa upole, kwamba matatizo ya afya ya akili yamempunguzia uwezo wa kazi kwa muda mrefu, na kwamba kazi yenyewe ni ya kujitolea isiyo na malipo. Mtu muungwana akisikia hayo hunyamaza, au huuliza atasaidia nini. Wale waliendelea kumsonga. Na kando ya kelele hizo alikuwapo Jia Tan, mpole, mchapakazi, aliye tayari kupokea mzigo.

Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Collin alifanya kama wahenga walivyoagiza. Alimpa mgeni jembe, mgeni akalima vizuri, na kadiri muda ulivyokwenda akakabidhiwa na ufunguo wa ghala. Hapana wa kumlaumu kwa hilo. Ni nani kati yetu, aliyeelemewa na kazi na kusutwa na watu, asingeshukuru kupata msaidizi wa namna ile?

Februari 2024 Jia Tan alitoa toleo jipya la kifurushi, namba 5.6.0, na mwezi uliofuata akatoa 5.6.1. Ndani ya matoleo hayo mlikuwa na msimbo wa hila. Ulifichwa katika mafaili ya majaribio, yale yanayowekwa makusudi yakiwa yameharibika ili kupima kama kifurushi kitayatambua. Kwa kuwa mafaili hayo ni takataka kwa sura yake, hakuna msomaji anayehangaika kuyasoma. Kipande cha kuuamsha msimbo huo hakikuwekwa mahali pa wazi ambapo wakaguzi hupita. Kilitiwa katika furushi lililokwisha fungwa tayari kusambazwa. Kusudi lake lilikuwa kutoboa mlango ambao mafundi hutumia kuingia katika seva zilizo mbali. Aliyekuwa na ufunguo wa siri angeweza kupenya na kuiamrisha kompyuta ya watu kama mali yake.

Hila hiyo iligunduliwaje? Nahodha mzoefu hujua kiasi cha maji yanayoingia katika ngama ya chombo chake. Yakizidi kidogo, hangoji chombo kilale upande. Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft, alikuwa akipima mwendo wa programu ya hifadhidata alipoona kwamba kuingia katika kompyuta yake ya majaribio kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya ilivyo kawaida. Nusu sekunde! Mtu mwingine angepuuza akaenda kunywa chai. Yeye aliifuata ile nusu sekunde, hatua kwa hatua, hata akamkuta mdudu ndani ya ubao. Ijumaa tarehe 29 Machi 2024 aliutangazia ulimwengu. Wakati huo matoleo yale yalikuwa yamefika zaidi katika Linux za majaribio, hayajaenea katika zile zinazoendesha mabenki na hospitali. Wataalamu waliipa hatari hiyo alama 10 kati ya 10. Jia Tan alitoweka, na mpaka leo haijatangazwa ni nani aliyejificha nyuma ya jina hilo.

Nakuomba uitazame silaha iliyotumika. Msimbo ulikuja mwishoni kabisa. Kwa zaidi ya miaka miwili silaha ilikuwa uchovu wa mtu mmoja. Walimwona mlinzi yuko peke yake usiku, hana posho, hana wa kumpokea zamu, nao wakajenga urafiki na wa kumpokea zamu. Dunia nzima ilikuwa ikitumia ghala lake, lakini aliyejitokeza kumsaidia alikuwa mwizi.

Wala kisa hicho hakikuwa cha kwanza. Mwaka 2018 mtunzaji wa kifurushi kiitwacho event-stream, aliyekuwa hakihitaji tena, alimkabidhi mtu asiyemfahamu aliyejitolea kukiendeleza. Mtu huyo alikitia kifurushi kingine chenye msimbo wa kuiba fedha za kidijitali katika pochi ya Copay. Na Septemba 2025 mtunzaji mmoja wa vifurushi vingi alipokea barua pepe iliyojifanya imetoka kwa wasimamizi wa ghala la npm, mahali vifurushi vya lugha ya JavaScript vinapohifadhiwa. Ilimtaka ahuishe mambo ya usalama wa akaunti yake upesi, la sivyo itafungwa. Alipofuata maelekezo, wezi waliichukua akaunti, wakatia sumu katika vifurushi 18, vikiwamo chalk na debug, ambavyo kwa jumla hupakuliwa zaidi ya mara bilioni mbili kwa juma. Sumu hiyo ilikuwa na kazi ya kubadilisha kimyakimya anwani ya mpokeaji, ili fedha ya kidijitali iliyotumwa kwa fulani iende kwa mwizi. Bahati njema, iligunduliwa ndani ya saa chache.

Je, hila hiyo haifanani na unayoijua? Ni ndugu wa ule ujumbe uliozunguka nchini mwetu kwa miaka: «Ile hela tuma kwenye namba hii.» Hapa mwizi anavizia mtu mmoja aliyekuwa kweli anataka kutuma kodi ya nyumba. Kule anamvizia mmoja aliyeshika ufunguo wa mamilioni. Pande zote mbili kinachovunjwa ni uaminifu, na pande zote mbili haraka ndiyo inayomponza mtu.

Kuna na tukio lililokuja karibu zaidi na mifuko yetu, ingawa halikuhusu programu huria. Mwaka 2020 wachunguzi walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, ikiwamo Ethiopia, zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper tangu zikiwa mpya. Programu hizo zilimwandikisha mwenye simu katika huduma asizoziomba, na muda wake wa maongezi ukaliwa pole pole. Kampuni iliyotengeneza simu ilisema kwamba tatizo liliingizwa na mtu mwingine katika msururu wa wanaoleta vipande. Ni ubao wa tatu kutoka chini. Aliyelipa ni mnunuzi wa kipato cha chini, ambaye alidhani mtandao ndio unaomkata visivyo halali.

Baada ya kusikia hayo, yuko atakayesema: basi tuziache programu huria, tununue za kampuni zilizofungwa kwa kufuli. Ushauri huo hautatuokoa. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba wavamizi walikuwa wametia msimbo wa hila katika programu ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani, programu iliyofungwa na kuuzwa kwa fedha nyingi. Wateja wapatao 18,000 waliipakua, zikiwamo ofisi za serikali ya Marekani. Kufuli haikumzuia mwizi. Iliwazuia majirani wasichungulie dirishani. Freund aliweza kumfuata mdudu wa XZ mpaka shimoni kwa sababu msimbo ulikuwa mbele ya macho yake. Lakini uwazi peke yake hautoshi. Mlango ulio wazi hulinda nyumba pale tu majirani wanapopita na kutazama ndani.

Wenye vyombo wa pwani hii wanalijua somo hilo tangu kale. Bahari ina mdudu atobuaye mbao kwa ndani. Kwa nje ubao huonekana mzima, ukiugonga ndipo ujuapo kwamba umeliwa. Kwa ajili hiyo chombo hupandishwa pwani kila baada ya muda, kikasafishwa, kikapigwa kalafati na kupakwa deheni upya. Hakuna mwenye jahazi anayeuona muda huo kuwa hasara. Anajua kwamba chombo kisichopandwa na fundi kitapandwa na maji.

Tufanye nini, basi? Nianze na nyumbani. Mama na baba, simu ikikuomba ihuishe programu zake, usiahirishe kwa miezi, maana mara nyingi marekebisho hayo huja kuziba ufa uliokwisha julikana. Programu za simu zichukuliwe katika duka rasmi, wala si kwa kiungo alichokutumia mtu usiyemjua, hata kama ameahidi mkopo wa haraka. Namba ya siri asipewe mtu yeyote. Salio likipungua bila sababu, usikae na manung'uniko. Fuatilia, kama Freund alivyoifuatilia nusu sekunde yake. Na ujumbe ukikuharakisha kuhusu fedha, piga simu umsikie mwenyewe sauti kabla ya kutuma.

Kwa vijana wetu wanaojifunza kuandika programu, na idadi yao inaongezeka, nasema hivi. Soma vizuri jina la kifurushi kabla ya kukichukua, kwani wapo wanaotengeneza vifurushi vya hila vyenye majina yaliyopishana herufi moja tu na vya kweli. Usikimbilie toleo jipya saa ile ile linapotoka. Acha siku kadhaa zipite, wenzako walichunguze. Andika katika programu yako ni toleo lipi hasa unalotumia, lisibadilike bila wewe kujua. Kila kipande usichokihitaji, kiache. Mzigo mdogo ni rahisi kuulinda.

Kwa ofisi, mabenki, hospitali na vyuo neno langu ni zito zaidi. Kila taasisi inayotegemea kompyuta yapasa iwe na orodha ya vipande vilivyomo katika mifumo yake, kama vile bohari lilivyo na leja. Siku taarifa ya hatari itakapotangazwa, mkuu wa kazi aweze kujibu saa hiyo hiyo kama kipande hicho kimo au hakimo. Tena inafaa wataalamu wetu wapewe muda, ndani ya saa za kazi, wa kuisoma na kuitengeneza misimbo tunayoitumia bure. Ujerumani iliona jambo hilo, na mwaka 2022 ikaanzisha mfuko wa serikali wa kuwasaidia watunzaji wa programu huria. Si lazima sisi tuanze na fedha nyingi. Mhandisi mmoja wa Dar es Salaam akipewa siku moja kwa juma kusaidia kukitunza kifurushi kinachobeba hesabu za chanjo za watoto wa Bagamoyo, huyo ni mlinzi mmoja zaidi langoni, na mtunzaji mmoja aliye mbali amepata wa kumpokea zamu.

Katika msaragambo wa kijijini, asiyekwenda kulima hutuma mtu, au hupeleka chakula. Anayekuja siku ya mavuno peke yake, huku akimlaumu mlimaji kwamba amechelewa, kila mtu anamjua jina lake. Katika msaragambo huu wa kompyuta wengi wetu tumekuwa wa siku ya mavuno. Mwizi wa mwaka 2024 alilitambua hilo mapema, naye akaja na jembe begani. Dawa yake ni kwamba safari nyingine mtunzaji aliyechoka atakapotazama barabarani, awaone watu wengi wanaokuja na majembe, wanaojulikana kwao na kwa majina yao, ili asilazimike kumkabidhi ufunguo wa kwanza atakayebisha hodi.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.